Mario wa mwaka 1988 si wa bandia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wa ukurasa wa burudani aliyezipanga gemu za Mario, yule shujaa wa kampuni ya Kijapani ya Nintendo, kuanzia bora hadi hafifu. Mengi aliyoyaandika sina ugomvi nayo. Nimekwama kwenye aya moja tu, ile iliyoiweka Super Mario Bros. 2 ya mwaka 1988 mkiani kwa hoja kwamba eti ni Mario wa bandia, gemu ya watu wengine iliyobandikwa jina lake ili iuzike. Hoja hiyo imezoeleka sana, na kila anayeisikia huipokea kana kwamba kesi imekwisha. Mimi ni fundi wa televisheni na mitambo ya gemu, hasa ile ya zamani inayotumia kaseti. Gemu hii nimeifungua kwa bisibisi, nimeisafisha, nimeicheza mpaka mwisho, na naipenda kuliko zote zilizotoka katika mtambo ule. Siwezi kunyamaza ikitukanwa kwa nusu ya habari.

Tuanze na historia, maana ndiko kosa lilikoanzia. Mwaka 1985 Nintendo ilitoa Super Mario Bros. Juni 1986 Wajapani wakapata ya pili, si hii tunayoigombania, yenye sura karibu sawa na ya kwanza ila ngumu kupindukia. Ina uyoga wenye sumu unaomdhuru anayeuokota. Ina upepo unaomsukuma mchezaji akiwa hewani. Ina njia za mkato ambazo, badala ya kukuvusha, zinakurudisha ulikokwisha kupita. Howard Phillips, aliyekuwa akizipima gemu kwa niaba ya tawi la Nintendo la Marekani, aliona hiyo inakera kuliko inavyoburudisha, na tawi likaamua kutoiuza. Watu wa nje ya Japani hawakuipata rasmi mpaka 1993, ilipowekwa ndani ya mkusanyiko wa Super Mario All-Stars kwa jina la The Lost Levels.

Marekani ikabaki inamdai Mario wake wa pili. Ndipo wakaigeukia Yume Kōjō: Doki Doki Panic, iliyotoka Japani Julai 1987. Gemu hiyo ilitengenezwa kwa ubia na televisheni ya Fuji ili kuyatangaza maonyesho yaliyoitwa Yume Kōjō '87, na wahusika wake walikuwa familia iliyokuwa nembo ya maonyesho hayo: kijana Imajin, mwenzake Lina, Mama na Papa. Wamevalia mavazi ya Kiarabu, na wanaingia ndani ya kitabu cha hadithi kuwaokoa watoto pacha waliotekwa. Nintendo ikawatoa hao wanne, ikawaweka Mario, nduguye Luigi, Toad na Binti Mfalme Peach, ikarekebisha mambo kadhaa, na Oktoba 1988 kaseti ikaingia madukani Marekani. Zikauzwa zaidi ya milioni 7.

Mpaka hapo mwandishi wako na mimi tuko pamoja. Tunaachana pale anapohitimisha. Gemu ile ya 1987 ilitengenezwa na nani? Na Nintendo hao hao. Aliyeiongoza kazi ni Kensuke Tanabe. Shigeru Miyamoto, aliyembuni Mario, alikuwa na mkono wake humo. Muziki ni wa Koji Kondo, yuleyule aliyetunga wimbo wa Mario ambao hata asiyecheza gemu huutambua. Tena Tanabe amesimulia kwamba kabla ya maonyesho, kabla ya familia ya Imajin, palikuwa na jaribio la gemu ya aina ya Mario: wachezaji wawili, picha ikipanda juu badala ya kusogea kando, wakibebana, wakirushana, wakipanga matofali wapate pa kukanyaga. Mtambo wa wakati ule haukuimudu vizuri, na ukiwa peke yako ilipwaya. Miyamoto akataka iende kando pia, kama gemu za Mario zilivyo. Kwa hiyo Mario hakuvamia nyumba ya watu. Alirudi kwenye kazi iliyoanza kwa kumwaza yeye.

Na masalia ya jaribio lile bado yamo, ukiyatafuta. Kuna hatua ambazo huendi kulia wala kushoto, unapanda tu, kutoka ubao hadi ubao, kutoka gogo hadi gogo kwenye maporomoko ya maji, na skrini inasogea juu kufuata miguu yako. Kila kitu kinabebeka na kurushika. Niliposoma maelezo ya Tanabe nilielewa kwa nini gemu hii inatembea kwa namna yake.

Sasa niseme habari ya kuicheza, maana nashuku wengi wanaoikosoa waliishia hatua ya kwanza. Unaanza kwa kuanguka. Mlango unafunguka angani, mhusika anaporomoka toka pande la nchi kavu hadi jingine, mpaka anatua kwenye majani. Anakuja adui mdogo aliyevaa joho jekundu na kinyago cheupe, jina lake Shy Guy. Mchezaji aliyezoea gemu ya 1985 atafanya alichofundishwa: ataruka na kumkanyaga. Hakuna kinachotokea! Adui anaendelea na safari yake na wewe umesimama kichwani pake. Bonyeza kitufe cha pili, unamwinua juu akitupatupa miguu, umtwange naye mwenzake anayekuja nyuma. Wote wawili wanaanguka nje ya skrini.

Halafu yale majani. Ukisimama juu ya jani na kulivuta, unang'oa mboga. Nyingine zina macho, zinakutazama. Jani jingine linatoa gamba la kobe linaloteleza na kufagia kila lililo mbele yake, jingine linatoa bomu ambalo tayari linahesabu, jingine chupa ya dawa. Na mahali pengine unavuta jani unatoka na roketi, inakubeba kwenda juu kabla hujajua umefanya nini. Adui mmoja anapaa juu ya zulia. Msimamie kichwani, umwinue umtupe, zulia ni lako kwa muda, vuka nalo shimo. Nyangumi wanakaa katika bahari ya barafu na migongo yao ndiyo daraja. Kwenye jangwa unachimba mchanga kwa mikono kwenda chini, na maadui wanakufuata kwenye shimo ulilolichimba mwenyewe.

Chupa ya dawa inastahili aya yake. Unaitupa chini, moshi, mlango unasimama pale ilipovunjikia. Ukiingia, unajikuta mahali palepale lakini kushoto kumekuwa kulia, kila kitu ni kivuli cheusi, na muziki uliokuwa ukisikika unabadilika: unasikia wimbo wa Mario wa 1985. Muda ni mfupi sana. Majani utakayoyavuta humo yanatoa sarafu badala ya mboga. Ukiwa umeuweka mlango mahali pazuri utaukuta uyoga unaokuongezea uhai, na ukiingia kwenye mtungi fulani unarushwa hadi dunia ya mbali. Kwa hiyo swali la gemu linakuwa chupa uitupe wapi. Unaibeba chupa mkononi ukipita maadui, hauna mkono wa kujitetea, unapima: hapa au pale mbele? Hakuna mshale wala maandishi ya kukuelekeza. Unajaribu, unakosa, unarudi. Na kurudi kunawezekana kweli, jambo ambalo gemu ya 1985 iliukatalia kabisa mguu wa mchezaji. Kule skrini ikishapita imepita, hapa unaweza kugeuka ukaenda kutazama ulichokiacha.

Kisha kuna kuchagua mtu. Kabla ya kila hatua unaulizwa utakwenda na nani, na jibu lina uzito. Mario ni wa kati kwa kila kitu. Toad anaruka chini kuliko wote lakini anang'oa na kubeba upesi kuliko wote, kwa hiyo jangwani ndiye mchimbaji. Luigi anaruka juu mno huku akipiga miguu hewani, ila kutua kwake kunahitaji uzoefu. Binti Mfalme ni mzito wa kuinua vitu, lakini akiruka na ukishikilia kitufe anaelea hewani kwa sekunde moja na nusu hivi, gauni limetanda, na shimo linalowatisha wengine anapita juu yake bila haraka. Hii ndiyo mara ya kwanza kwa gemu za kuruka za Mario kumpa mchezaji nafasi ya kumwendesha yeye badala ya kwenda kumwokoa. Binti yangu mdogo hataki kumgusa mwingine. Nilijaribu kumshawishi amchukue Toad kwenye mchanga, akaniambia, "Baba, huyu anapaa," na hoja yangu ikafia hapo.

Yeye ndiye aliyenifanya nitazame upya jambo moja nililokuwa nimelizoea mno: ufunguo. Katika hatua kadhaa kuna mlango uliofungwa na ufunguo wake uko chumba kingine, ukilindwa na vinyago vimetulia ukutani kama pambo. Ukiuinua tu ufunguo, kinyago kimoja kinatikisika, kinatoka mahali pake, kinaanza kukuandama. Hakiuawi. Hakizuiwi na ukuta. Ukitoka chumba kile kinakufuata chumba kingine, kinakwenda nje ya skrini, kinarudi kwa kasi kutoka pembe usiyoitegemea. Wakubwa tunakimbia tu. Mtoto akasimama akafikiri: kinamtaka nani, mimi au ufunguo? Akauweka chini. Kinyago kikaenda zake. Akauokota, kikaja, akautupa mbele, akaukimbilia, akautupa tena, hivyo hivyo hadi mlangoni. Hakuna aliyemwambia. Sheria ilikuwemo ndani ya gemu, imekaa wazi, inangoja mtu wa kuiuliza. Wanaosema gemu za zamani ni za kubonyeza vitufe bila akili wamwone mtoto wa miaka saba akikihadaa kinyago kile.

Mwisho wa hatua karibu zote yupo Birdo, kiumbe wa waridi mwenye utepe kichwani na mdomo kama bomba, anayetema mayai. Huwezi kumshinda kwa nguvu. Unalirukia yai likiwa hewani, unasimama juu yake, unalinyanyua, unamrudishia. Katika hatua moja unaweza hata kukaa juu ya yai lake likuvushe bahari. Ukimshinda anaacha tufe la kioo, unalichukua, kichwa cha mwewe ukutani kinafungua mdomo, unapitia humo. Na bosi wa mwisho ni Wart, chura mfalme asiyeweza kuvumilia mboga: anapofungua mdomo kutema mapovu, wewe unamrushia mboga zinazotoka kwenye mashine ya ndoto iliyo mbele yake. Mboga hizohizo ulizozing'oa tangu dakika ya kwanza. Nani mwingine mwaka 1988 alithubutu kuandika mwisho wa namna hiyo?

Mwandishi wako pia ameandika kana kwamba mabadiliko ya 1988 yalikuwa kubadilisha vichwa tu. Hapana. Katika gemu ya 1987 hukuweza kukimbia kwa kushikilia kitufe, kukimbia kuliongezwa. Mario na wenzake wakibaki na uhai mmoja wanapungua kimo, na hilo nalo ni la 1988. Mahali palipokuwa na taa ya ajabu pakawekwa chupa ya dawa, kwa kuwa ngano za Kiarabu zilikuwa zimeondoka na familia ile. Majani yaliyokuwa yamesimama tuli yakapewa mwendo, yakawa yanatikisika. Mwisho wa dunia ya tano, palipokuwa na bosi aliyekwisha kutumika mara mbili, akaundwa mwingine, kaa mkubwa anayerusha mawe. Na hapo awali, ili uuone mwisho halisi, ilibidi uimalize gemu kwa kila mmoja wa wale wanne, kazi ambayo diski, iliyobeba gemu ile ya 1987, iliweza kuihifadhi. Kaseti haikuwa na pa kuhifadhi, basi wakakuruhusu kubadilisha mtu kila hatua. Mimi naliona badiliko hili la mwisho kuwa ndilo lililoikomboa gemu. Lilitokana na upungufu wa chombo, likazaa lile swali zuri la nani anafaa wapi.

Kasoro zipo, sizifichi. Kukosa pa kuhifadhi kunauma: dunia saba, hatua 20, nafasi mbili tu za kuendelea baada ya kufa, halafu mwanzo. Mashine ya bahati nasibu baada ya kila hatua, unakotumia sarafu zako kutafuta roho za ziada, sikuwahi kuipenda, na mtoto namwambia aipite haraka. Vita na Birdo vinarudiwa mno. Wengine wanakasirishwa na mwisho, Mario amelala kitandani na yote ilikuwa ndoto yake. Mimi naona inafaa kwa nchi ambayo milango inasimama angani.

Lakini tazama kilichobaki baada ya hapo. Luigi alianza kuruka juu kuliko kaka yake katika ile gemu ngumu ya 1986, ila ule urefu wake na wembamba tunaoujua leo umetoka hapa, kwa sababu alipewa nafasi ya Mama wa familia ya Imajin. Kuelea kwa Binti Mfalme kumetoka kwa Lina. Shy Guy wakajaa katika gemu ya Yoshi's Island mwaka 1995 na hawajaondoka tena. Bob-omb, lile bomu lenye miguu, lilianzia hapa. Birdo anacheza tenisi, anaendesha gari katika Mario Kart. Mwaka 2013 ilipotoka Super Mario 3D World, waliosimama kwenye skrini ya kuchagua walikuwa Mario, Luigi, Peach na Toad, mmoja wa kati, mmoja wa kuruka juu, mmoja wa kuelea, mmoja wa mbio. Ukiitoa gemu ya 1988 kwenye ukoo, itakubidi uwatoe na hao wote.

Na Wajapani wenyewe, walioijua familia ya Imajin kabla ya kila mtu, wangekuwa wa kwanza kulalamika. Mwaka 1992 Nintendo iliipeleka Japani kwa jina la Super Mario USA. Wakaipokea kama Mario mwingine.

Ikiwa kuna aliyedhulumiwa katika kisa hiki, ni familia ile. Gemu yao ilitoka kwenye diski za sumaku za mtambo wa Famicom Disk System, na sisi mafundi tunaujua ugonjwa wake. Ndani yake kuna mkanda wa mpira unaozungusha diski. Miaka ikipita mkanda unayeyuka, unakuwa kama lami nyeusi inayoshika vidole, na ukishaukwangua wote na kuweka mpya bado una kazi ya kuurekebisha mkao wa kichwa cha kusomea, la sivyo mtambo unakataa diski nzima. Diski nazo hazina mfuniko wa chuma wa kujifunga kama zile za kompyuta. Vumbi na vidole vinaingia moja kwa moja. Kaseti ya 1988 ni ngumu zaidi. Mara nyingi inahitaji tu kusuguliwa meno yake ya shaba kwa pamba na spiriti, na nawaomba wasomaji waache kupuliza kwa mdomo, mate ndiyo yanayokula shaba. Kwa hiyo Mario bado anacheza na Imajin anazidi kupotea, kwa sababu ya mpira na sumaku.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni hili. Mwandishi wako akirudi kwenye mada hii, aizungumze Doki Doki Panic kwa jina lake na kwa heshima yake, awataje Imajin, Lina, Mama na Papa, aonyeshe picha yao ikiwezekana, wala asiwatumie kama fimbo ya kuichapa gemu iliyobeba kazi yao ikawafikia watu milioni 7. Na kabla hajaandika, aicheze hadi kwa Wart. Asiyejua aanzie wapi aanze na Binti Mfalme, kwenye mchanga abadilishe achukue Toad, na chupa ya kwanza ya dawa asiitupe palepale alipoing'oa.

Msomaji wako wa siku zote,
Fundi wa mitambo ya gemu